Tairi Lililolegea Njiani Lemera

Kwetu mkwe na mama mkwe hawagusani. Siku nilipompandisha mama mkwe wangu kwa pikipiki hadi Lemera, kijiji cha juu mlimani, aliweka mfuko wa mchele katikati yetu, akakaa bila kunishika. Mvua ilikuwa imenyesha, na kwenye kilima cha kwanza tairi la nyuma likateleza. Nikasimama, nikapunguza upepo wa tairi hilo. Madereva wenzangu, wanaojaza tairi mpaka liwe gumu kama jiwe, wakacheka wakitupita: “Weye, utafika na tairi hilo?”

Wacheke! Tairi gumu hugusa njia kidogo tu. Langu lilijilaza juu ya matope, likayashika. Mbele tukawapita wamekwama, wakisukuma pikipiki zao.

Kule juu mama mkwe akawaonyesha ndugu zake viganja: “Mikono yangu imekaa mapajani njia nzima.”

Nikapiga honi ndefu, wale wa chini wasikie.