Tanki zilipasuka kwa sababu yangu, simiti haikuwa na makosa

Wakuu, habari zenu. Hii ninaandika ni yangu mwenyewe, siongezi chumvi, na pale naonekana mjinga sijatoa.

Mimi ni fundi wa tanki za maji hapa Machakos. Shule niliachia darasa la sita, lakini nyumba ya mawe pale Mumbuni nimejijengea kwa hii mikono. Kuna mainjinia na madigrii yao wananipigia simu kuuliza ratio ya mchanga. Kujenga najua. Hiyo tusibishane.

Shida ilikuwa kumaliza.

Tanki ya simiti ukishapiga plasta, bado. Lazima uimwagie maji asubuhi na jioni wiki tatu, ikauke polepole. Ukiiachia jua ya huku kwetu inapasuka. Ni kazi ya kuboesha, hakuna mtu anakupigia makofi.

Mimi nikifika hapo nilikuwa naona nimeshinda. Namwambia mwenye boma "endelea kumwaga", naenda kutafuta nyama. Ikivuja nasema simiti ilikuwa mbaya. Wateja nimefukuza mwenyewe hivyo miaka mingi, halafu nasema nimerogwa.

Mwaka jana kikundi cha akina mama kule Ekalakala walitaka tanki kumi. Mwenyekiti wao, Mama Mutindi, hakunizungusha.

"Fundi, kuanza unajua, nimeuliza kila mahali. Jenga ya kwangu kwanza. Ikivuja, hizo tisa tunapea mtu mwingine, na usinipigie simu."

Na hiyo ndio kazi pekee nilikuwa nayo.

Nikajenga. Nikaamua nitalala kwa store yake, nimwage maji mwenyewe. Maji ni ya shimo la mchanga kule mtoni, na kurudi ni mlima. Punda wa kukodi siku hiyo walikuwa sokoni. Nikabeba mtungi mgongoni, kamba kwenye paji la uso, vile mama zetu hubeba. Mwanaume wa miaka hamsini! Wamama walicheka mpaka wakakaa chini.

"Aiya! Fundi, hiyo kamba imekupendeza. Tukutafutie bwana?"

"Nitafutieni punda."

Siku ya tisa rafiki yangu Abdi, muuzaji wa mbuzi, akapiga simu kutoka Athi River. "Mzee, kuja tule, leo nimeuza vizuri."

Nikajiambia ni siku moja tu. Nilirudi kesho yake jioni.

Ukuta ulikuwa mweupe kwa kukauka, na kwa ndani ufa, mwembamba kama unywele.

Sasa wakuu, ufa kama huo ukipakwa niru, ile simiti laini ya juu, hakuna mtu ataujua mpaka mvua. Nimefanya hivyo mara nyingi. Niru nilikuwa nimeshakoroga, iko kwa ndoo. Nikakaa ndani ya hiyo tanki nikajisikia nimechoka. Si na kazi. Na mimi.

Nikamwita Mama Mutindi. "Mama, nilienda Athi River kula nyama. Tanki imepata ufa."

Akachungulia. "Utafanya nini?"

"Natoa plasta yote ya ndani, napiga upya. Simiti ni yangu."

"Na zile siku?"

"Zinaanza moja."

Akaniangalia. "Basi kuja ule muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa. Hiyo nyama imeshaisha tumboni."

Nilipiga patasi siku tatu. Halafu wiki tatu za maji, Abdi akipiga nazima simu. Watu husema utazoea. Sikuzoea. Kila asubuhi mgongo ulikataa, na nikaenda nao hivyo hivyo.

Mvua ilipojaza tanki, Mama Mutindi aliizunguka akipapasa ukuta. Kavu. Hakunisifu.

"Ya pili unaanza lini?"

Nilidhani nidhamu ni nguvu inakujia. Kumbe ni kwenda bila hamu, na ukiharibu, useme kabla hujapaka niru.

Leo niko tanki ya nne, siku ya sita ya kumwaga maji. Mifupa inauma, sitawadanganya. Lakini hakuna inayovuja.

Nyinyi huwa mnajiharibia wapi? Wekeni hapa chini, hata matusi nasoma. Nitajibu nikitoka mtoni.