Kioo cha Nyayo

Harufu ya udi hunitia hasira. Najua ni maneno ya ajabu kutoka kwa mtu aliyezaliwa Mji wa Kale wa Mombasa, ambako nguo hufukizwa, nywele hufukizwa, vitanda vya maharusi hufukizwa, na mgeni hupokelewa na moshi kabla hajapewa kikombe cha kahawa. Lakini mimi nikiusikia udi ukishuka kwenye ngazi za nyumba ya mtu, jambo la kwanza ninalojiuliza ni nini kinachofichwa huko juu. Wenzangu husema nina moyo mzito. Huenda. Ulifanywa mzito na harusi ya dada yangu, katika nyumba yetu ya ghorofa nyuma ya Ndia Kuu, miaka ya tisini, nilipokuwa msichana wa darasa la tano.

Mama yangu alikuwa na sukari. Mtaani kwetu neno hilo halikusemwa wazi hivi. Watu walisema fulani "hajiwezi kidogo" au "ana yale mambo," wakashusha sauti na kutazama mlangoni. Mama hakuwa na muda wa kunong'ona. Kliniki walikuwa wamemfundisha kujipima mwenyewe, naye akalishika somo lile kwa mikono miwili. Kila asubuhi, kabla ya chai na mahamri, alikwenda uani, nyuma ya mapipa ya maji tuliyojaziwa na watu wa mikokoteni, akawasha stovu ndogo aliyoitenga kwa kazi hiyo moja, maana mkojo ni najisi na hauwezi kusogezwa karibu na masufuria. Alimimina dawa ya buluu katika kichupa chembamba cha kioo, akadondoshea matone machache ya mkojo wake, akakishika kichupa kwa kibanio cha nguo juu ya moto. Mimi nilichutama kando yake nikingoja rangi. Ikibaki buluu, Mama alitabasamu na siku yetu ilianza vizuri. Ikigeuka kijani alikaza midomo. Ikiwa rangi ya matofali, basi siku hiyo hakugusa wali, na alitembea kwenda na kurudi barazani mpaka majirani wakamuuliza amepoteza nini.

Alasiri ilikuwa zamu ya miguu. Mama aliketi mkekani baada ya kuoga, akanyoosha miguu, nami nikasukuma kioo cha kujitazamia, kilichotolewa ukutani, chini ya nyayo zake na kuangalia kila mahali, kati ya vidole, kisigino, pembeni. Alikuwa hasikii kitu huko chini. Aliwahi kukanyaga kaa la moto lililoanguka kutoka jikoni, akaendelea kukuna nazi yake mpaka nikapiga ukelele mimi. "Miguu yangu haina habari ya lolote, mwanangu," aliniambia. "Mato yako ndiyo yatakayonambia." Nilijivunia kazi ile kuliko kitu chochote nilichofanya shuleni. Sijui mtoto gani aliyewahi kuijua miguu ya mamake kama nilivyoijua mimi.

Aliyeudhika na haya yote ni shangazi yangu, Bi Rukia, dada mkubwa wa Baba. Baba alikuwa mtu wa bandarini, akitoka alfajiri na kurudi amechoka, na mambo ya nyumba aliyaacha mikononi mwa dada yake. Shangazi alikuwa mwanamke mrefu, mzuri, mwenye sauti ya kuamrisha hata alipoomba chumvi. Stovu ile ilimkera kupita kiasi. "Nyumba ya watu wenye heshima yapikwa mikojo!" alisema. "Kila siku wautafuta ugonjwa, wautafuta. Utaupata!"

"Nshaupata, wifi," Mama alimjibu bila kugeuza uso kutoka kwenye moto. "Sasa naulinda usinile."

Ndipo dada yangu Mwanaidi akaposwa. Watu wa mvulana walitoka Kibokoni, familia yenye jina, na Shangazi alifurahi kama anayeolewa ni yeye. Siku ileile posa ilipokubaliwa alimwita Mama chumbani, nami nikasikia kila neno kwa sababu nilikuwa nakunja nguo humohumo. Alisema sukari ni ya damu. Alisema wakwe wakisikia mama mtu anayo, watamtazama Mwanaidi na kuanza kujiuliza juu ya watoto atakaowazaa. Kwa hiyo stovu, kichupa na dawa ya buluu vitatoka uani, na kioo kitarudi ukutani kinakostahili kuwa, mpaka harusi iishe. Mama akasema, "Kwa ajili ya Mwanaidi, haya." Shangazi alivifunga vitu vile katika leso na kuvisukuma chini ya kitanda chake. Hasira yangu nyingine ni hiyo, kwamba Mama alikubali. Lakini hiyo huisha haraka, kwa sababu namjua aliyemfunga kamba.

Wakwe walikuja mara kwa mara, na kila walipokuja walileta halua. Nani asiyeijua adabu yetu? Mgeni akikutilia kipande mkononi, hukirudishi. Mama alikila, Shangazi akamwongeza kingine mbele ya macho yao ili mtu asije akashuku. Mbele yake aliketi mama wa bwana harusi, mwanamke mnene mwenye bangili nyingi, naye akila halua vilevile na kusifu. Wiki zile Mama alikunywa maji kwa jagi. Alilala mchana. Macho yake yalikuwa yakitazama vitu kama vilivyo ndani ya ukungu. Sikuhitaji dawa yoyote kujua kuwa asubuhi zote zile zilikuwa rangi ya matofali.

Siku ya hina sebule ilijaa wanawake, dada za bwana harusi wakiwa wamekaa mbele kabisa. Mwanaidi alipakwa kwanza, kisha wenye nyumba. Baada ya hina yalifuata maua ya piko. Asiyeijua piko ya wakati ule nimwambie kuwa ilikuwa rangi ya nywele, unga mweusi uliokorogwa na maji ya dawa makali, ukichorwa kwenye ngozi kwa kijiti. Inachoma. Ukiiacha sana inababua. Zamu ya Mama ilipofika aliificha miguu ndani ya leso. "Niacheni mimi. Mambo haya ni ya wasichana," alisema akicheka. Mpakaji alikuwa tayari kumwacha. Ni Shangazi aliyepaza sauti, kwa mzaha, mbele ya watu wote: "Mama harusi akae miguu mitupu? Kwani ana nini?"

Ana nini. Dada za bwana harusi wakageuza shingo kusubiri jibu. Jibu lilikuwa moja tu, na ndilo lililokatazwa. Mama aliitoa miguu yake na kuinyoosha.

Mimi nilisema. Nataka ijulikane kuwa nilisema. Nilisimama mlangoni nikasema kwa sauti, "Mama hasikii miguu." Shangazi alinikamata mkono, akanifinya mpaka kucha zikaingia, huku uso wake unacheka. "Mtoto huyu ana usingizi, aweweseka," akawaambia wageni, nao wakacheka. Wenzake Mama walianza kulalamika mmoja mmoja. "Yachoma hii, lo!" walisema, wakaenda kuosha. Mama alikaa na piko yake hadi ikakauka na kupasuka, kwa sababu hakuna kilichomwambia aitoe. Mpakaji alimsifu. "Mwaiona subira ya mama harusi? Hata uso hakunji!" Wakampigia vigelegele. Walimpigia vigelegele mtu anayeungua.

Harusi ilipita, ikaingia fungate, na nyumba haikupumua. Wageni kutoka Lamu na Malindi walilala hadi chumbani kwa Mama, na kila niliposhika kioo Shangazi alinipokonya. "Mpaka fungate ipite," alisema. Mama alivaa viatu vya kufunika, akapanda na kushuka ngazi na sinia. Kisha ikaanza harufu. Ilikuwa nyepesi mwanzoni, ya kitu kitamu kilichoanza kuoza. Shangazi aliisikia, nina hakika kama ninavyojua jina langu, maana ndiye aliyeanza kuzidisha udi. Chetezo kiliwekwa kila pembe. Wageni walivuta pumzi wakasifu udi wa nyumba yetu, na kumwomba Shangazi awaambie anaununua wapi.

Wageni walipoondoka nilimvua Mama viatu mwenyewe. Nilisukuma kioo chini ya unyayo kama siku zote. Ukingo wa maua ulikuwa bado umechorwa vizuri, mweusi, wa kupendeza. Katikati ya ua moja hapakuwa na ngozi. Mama alinitazama usoni badala ya kutazama kioo, akaona alichohitaji kuona. "Mwite babako," alisema. Hospitali walijaribu kuuokoa mguu, wakashindwa, wakakata juu ya kifundo. Baadaye wakakata tena, juu ya goti. Alirudi nyumbani akapanda ngazi zetu kwa kujiburura makalio, mwanamke aliyekuwa akitembea barazani ili sukari ishuke. Nilikuwa sijamaliza sekondari tulipomzika.

Matangani watu waliniambia ni kadari. Naiamini kadari, nimefundishwa na nimeikubali. Lakini sikubali Mwenyezi Mungu asingiziwe kazi iliyofanywa na watu sebuleni mchana kweupe. Na sijakwambia lililobaki, ambalo Mwanaidi alilikuta alipohamia Kibokoni. Ndani ya friji ya wakwe zake, nyuma ya chupa za sharubati, kulikuwa na dawa ya sindano. Ilikuwa ya mama mkwe wake. Mwanamke yule wa bangili alikuwa na sukari miaka yote, naye alikula halua ile ili Mama asishuku. Waliketi uso kwa uso wakijiua kwa adabu, kila mmoja akimwogopa mwenzake, na sisi tukiwapakulia.

Leo nami ninayo. Nina kimashine kidogo cha kutoboa kidole, na ninajipima mezani, sahani zikiwa zimepangwa na wageni wameketi. Asiyependa ageuze uso. Siku hizi kuanzia Feri hadi Mwembe Tayari hukosi mahali pa kupimwa, lakini wakaguzi wa heshima hawajafa. Jirani yangu, mwalimu mzima, huingia duka la dawa la mtaa wa mbali na kuomba apimiwe nyuma ya pazia.

Na Shangazi huja kwangu. Amezeeka, macho yamefifia, na sukari imempata naye. Watoto wake wako mbali, kwa hiyo miguu yake naiosha mimi, naikausha kati ya vidole, kisha nachukua kioo kilekile cha Mama, ambacho sasa kimeliwa na kutu pembeni. Watu husema nimemsamehe. Sijamsamehe. Ninamwangalia nyayo kwa sababu nyayo zinahitaji kuangaliwa, basi. Mara ya mwisho alipokuja aliketi kitini sebuleni kwangu, mlango wa barazani ukiwa wazi kwa ajili ya upepo, akaanza kuvuta leso kufunika miguu.

"Funga mlango kwanza, mwanangu," alisema. "Watu wasituone."

Sikuufunga. Jirani mmoja alikuwa akipita na kikapu chake cha sokoni, akatuamkua, akasimama kizingitini kwa wema. "Bi Rukia ana nini?" akaniuliza.

"Muulize mwenyewe," nikamwambia.

Nilikaa sakafuni na kioo mapajani, nikangoja. Jirani alingoja pia, hajui anangoja nini. Shangazi alinitazama, na nikaona kwamba anaikumbuka sebule ile, na sauti yake mwenyewe, na miguu iliyonyooshwa.

"Nina sukari," alisema.

Ndipo nikakiweka kioo chini ya nyayo zake.