Kamera ya Mama Nyanjige

Mama Nyanjige haogopi mtu hapa Bariadi. Padri akirefusha mahubiri, yeye hukohoa, na mahubiri hufupika. Mchuuzi wa mchele akipunja kipimo, hurudishwa kupima upya mbele ya watu, na mwishowe hushukuru. Anayemkwepa ni mmoja tu, mkwewe Bujiku, na huo si woga, ni adabu ya ukwe: mkwe hamtazami mama mkwe usoni, wala mama mkwe hamtazami mkwe. Bujiku na mkewe Winnie, binti wa Mama Nyanjige, walipokuwa wakiishi Kasoli, Bujiku akikutana na mama mkwe njiani, mmoja wao aliingia kwenye shamba la pamba mpaka mwenzake apite. Salamu zao zilipitia ukutani.

Kisha wawili hao wakahamia Songea, na huko wakapata mtoto wa kiume. Kwenye ukoo wa Mama Nyanjige, bibi ndiye anayempa jina mjukuu wa kwanza, nao wawe wanatazamana uso kwa uso. Ubatizo ulipangwa wiki tatu mbele, goti bovu la bibi halifiki hata Maswa hapa jirani, na mtoto bado aliitwa Mgeni.

"Tutaonana kwa kompyuta," Mama Nyanjige alisema. Simu hakuitaka. Alisema humo mtoto ataonekana kama panzi.

Kompyuta ilikuwa ile kuukuu aliyoiacha Winnie, nzito kuwaka kuliko jiko la kuni mbichi. Akampelekea Paschal, fundi kompyuta. Mimi ni fundi cherehani na kibaraza chetu ni kimoja, kwa hiyo mambo ya Paschal nayajua yote, hata asiyopenda niyajue. Paschal akaweka mfumo mpya wa kuendesha kompyuta. Kompyuta ikawa nyepesi, kila kitu kikafanya kazi, isipokuwa kamera. Mfumo mpya ukaandika kwamba kamera haipo, na sisi sote tunaiona hapo juu ya kioo.

"Kamera ipo, ila draiva haipo," Paschal akatueleza. "Draiva ndiyo programu inayouambia mfumo namna ya kuitumia kamera. Ya zamani haielewani na mfumo mpya."

Akaitafuta mtandaoni wiki nzima. Moja ilizima sauti. Nyingine ilikuwa ya kompyuta ya aina tofauti kabisa, nayo ikageuza picha, kichwa chini miguu juu. Bando lilimwisha, uvumilivu ukamwisha, na mimi niliyekuwa namtania nikaanza kumwonea huruma. Ijumaa, katataa kadogo kando ya kamera kakawaka, na sura ya Paschal ikajaa kwenye kioo, ndevu na kila kitu.

Mama Nyanjige alikuwa amekaa hapo. Akaitazama ile sura kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo mimi nitawaona wao."

"Utawaona, mayu," Paschal akamjibu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Nao watakuona."

"Wote waliomo nyumbani?"

"Yeyote atakayekaa mbele ya kamera."

Akaikagua kamera kwa karibu. Kisha akamtuma Paschal maji ya kunywa, nami akaniambia uzi wangu umekatika, niuangalie. Haukuwa umekatika.

Jumapili baada ya misa, tukamzunguka. Winnie akapiga. Tukamwona vizuri, anacheka, amekaa sebuleni kwake.

"Mwadila, mayu," Winnie akamsalimia mama yake. "Mbona sikuoni? Huku ni giza tupu."

Paschal akazima, akawasha. Giza. Akaitoa draiva, akairudisha. Giza. Jasho likamtoka.

"Basi nioneshe tu mtoto," Mama Nyanjige akasema upesi. "Mimi naona vizuri."

"Mama, na yeye akuone. Jina atapewa na giza?"

Paschal akashusha pumzi. "Mayu, nisamehe. Mfumo huu umenishinda. Nitafuta kila kitu nianze upya, sijui kama tutawahi ubatizo wa Jumapili ijayo."

Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekaribia kulia. Mama Nyanjige akamtazama, akaitazama kompyuta, akasonya.

"Usifute kitu."

Akanyoosha kidole, akakwangua kwa ukucha juu ya kioo, na kipande kidogo cha soltepu nyeusi kikabanduka kwenye kamera. Paschal akakiokota kile kipande, akakitia mfukoni. Ningekuwa mimi ningesema.

"Mlitaka mkwe anikodolee macho?" Mama Nyanjige akatuuliza, kana kwamba kosa ni letu. "Winnie, mumeo atoke nje, uniletee mtoto."

Mumewe akatoka. Mtoto akaletwa, akapiga kelele mpaka spika ikakoroma. Akanyonyeshwa, akabembelezwa, hakuna kitu.

"Mama, hanyamazi ila kwa baba yake," Winnie akasema. "Tufanyeje?"

Wakashauriana huko wenyewe. Mlango ukafunguka, akaingia mwanamume aliyejifunika kanga kuanzia kichwani hadi kiunoni, anapapasa viti, na mtoto akawekwa mikononi mwake. Kelele zikakatika. Mgeni akafumbua macho, akamtazama bibi yake.

Mama Nyanjige alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Wewe ni Luhende," akamwambia taratibu. "Umebeba jina la baba yangu, ulibebe vizuri. Macho ni yake, na paji la uso ni lake." Akatabasamu. "Ila masikio haya yaliyosimama ni ya baba yako, yote mawili."

Huko Songea, Winnie akainua kichwa. Sisi wa Bariadi tukatazamana.

"Mama," Winnie akauliza, "masikio ya baba yake umeyaonea wapi?"

Kanga ikaanza kutikisika kwa kicheko. Mama Nyanjige akajiweka sawa kwenye kiti.

"Mtandao umekata," alisema, akaifunga kompyuta kwa mikono yake mwenyewe.