Zamu Yangu Ukingoni

Haijanitoka kichwani, mwanangu, siku niliyokwenda na kaka yangu Mutalemwa kulitazama korongo lililo mbele ya Kamachumu. Tulikuwa baba mmoja, mama mbalimbali. Baba tulikwisha kumzika, na kibanja chake cha migomba na mibuni kilikuwa hakijagawanywa. Asubuhi ile shangazi alininong'oneza jikoni: "Kikulacho ki nguoni mwako. Usiende na huyo karibu na shimo."

Nilikwenda, lakini njia nzima nilimtanguliza. Akisimama kuchuma mapera, nami nasimama nyuma yake. Akinyamaza namshuku; akicheka namshuku zaidi.

Korongo lile ni ufa wa mawe ya chokaa, kuta zake nyeupe zimekatika wima. Mahali pa kwanza pa kutazamia unaona ukuta wa ng'ambo tu. Ukitaka kuuona mto ulioko chini, unapanda mahali pa pili, unalala kifudifudi, unatoa kichwa nje ya ukingo, na mwenzako anakushika miguu. (Siku hizi mnasimama palepale mkijipiga picha. Mungu awahurumie.)

"Lala, mdogo wangu, nikushike," kaka akasema. "Ndivyo baba alivyonionyesha."

"Anza wewe."

Akacheka. "Waitu! Umenifanya mwenye rubisi, nionje kwanza?" Maana kwetu anayemkaribisha mgeni pombe huionja yeye kwanza, mgeni ajue haina sumu.

Akalala. "Shika sawasawa, bwana, nina mke!" Kisha akapaza sauti kutoka ukingoni: "Njoo uone, mto umekuwa kama uzi!"

Mimi sikuwa nawaza mto. Nilikuwa natazama nyayo zake mikononi mwangu. Likanijia wazo: nikiachia, nani atajua? Kibanja chote kitakuwa changu. Mwanangu, njia nzima nilimtafuta muuaji, kumbe nilikuwa nimemvalisha viatu vyangu.

Sikuachia. Alirudi nyuma, akajipangusa vumbi jeupe kifuani. "Mbona mikono yako inatetemeka?" akauliza. "Haya, zamu yako."

"Tumbo linaniuma," nikasema.

Akaitazama tena mikono yangu. Kisha akajitoa njiani. "Tangulia," akasema.

Tukarudi hivyo, mimi mbele, yeye nyuma. Kibanja tuligawana bila ugomvi, tena akaniachia upande wenye mibuni mizuri. Lakini hadi namzika hakunipa kisogo tena, nami sikuthubutu kumwomba radhi. Majuto ni mjukuu. Wangu amekuwa mzee kama mimi.

Basi shika neno hili. Ukiletewa shaka juu ya nduguyo, usiifuge. Mwendee, mketi, umuulize kwa kinywa chako, kabla hamjafika ukingoni. Na kabla ya kupekua moyo wake, pekua wako. Huenda unachokitafuta kwake umekificha mwenyewe.

Mungu akujalie ndugu wa kukushika miguu, mwanangu, na siku ya zamu yako ya kumshika, akupe mikono isiyotetemeka.