Rangi ya Gari la Afande

Hapa Jinja tuna fundi anayeheshimu rangi ya gari kuliko watu. Afande mmoja alimletea gari la spoti la zamani, jekundu, alilolifunga matairi ya pikapu ili liyaweze mashimo ya barabara ya Mbale. Kila kona matairi yakawa yanakwaruza ukingo wa bodi juu ya gurudumu. Kabla ya kugusa chochote, fundi alituamuru watazamaji tuvue saa na mikanda, visije vikachora rangi. Mzee Balidawa, jirani muuza vipuri, akabaki ameshikilia suruali kwa mikono miwili. Fundi akaipasha rangi joto kwa matambara ya maji moto isipasuke, kisha akaukunja ukingo kwa ndani kwa mchi wa mkewe aliouzungushia blanketi, akihema kama daktari wa upasuaji. Hakuacha hata alama.

Ndipo afande akaja, akaegemea bodi, na funguo za kiunoni zikachora mstari ulionyooka. Akauona.

“Nani amefanya hii?”

Fundi, anayetutukana kwa Lusoga mwaka mzima, ghafla akajaliwa Kiswahili, lugha ya maafande. “Ilikuwako, afande. Gari ilitoka nayo Mbale.”

Afande akatugeukia sisi. Mzee Balidawa akapiga saluti kuthibitisha, na suruali ikamshuka.