Piko Kwenye Vidole vya Bi Harusi

Kazi yangu ni kuwapaka hina na piko, ile rangi nyeusi ya urembo, mabibi harusi wa Mji wa Kale. Ukarani wa uchaguzi niliuomba kwa hasira. Uchaguzi uliotangulia nilisimama foleni tangu alfajiri, nikazungushwa na karani mmoja aliyekuwa akitafuna ubani tu, nikaapa kwamba safari ijayo nitaketi mimi pale mezani, waone kazi inavyofanywa. Shoga zangu walinicheka. "Wewe na mdomo wako huo?" Haya, nikaitwa kwenye usaili, nikapita, nikafunzwa mtambo wa kusoma alama za vidole, nikala kiapo.

Kituo chetu kilikuwa darasa la shule, kwenye kichochoro ninachopita kila siku. Msimamizi wetu alikuwa mwalimu wa Majengo, mama wa bara, Mkristo, aliyekaa kisiwani miaka mingi. Nilipomwona mara ya kwanza nilisema moyoni, huyu atatujulia wapi sisi? Naomba radhi. Kabla milango haijafunguliwa aliyainamisha masanduku matupu, kila wakala wa chama achungulie ndani, hata yule aliyekuwa bado anasinzia. Na kila mzee aliyeingia, mwalimu ndiye aliyemwamkia kwanza, ndipo akamwomba kitambulisho.

Mwendo wa saa nne akaingia bi harusi. Nilimjua kwa mikono, maana uso ulikuwa umefunikwa. Alikuja na somo wake, yule bibi anayemfunda na kukaa naye siku saba za fungate, ambazo bi harusi hatoki nje. Na hiyo ilikuwa siku ya pili tu! "Mamake mume katupa nusu saa," somo akaninong'oneza. "Ni kura yake ya kwanza. Kalia tangu jana, nifanyeje?"

"Weka kidole, mwanangu," nikamwambia.

Mtambo ukakataa. Kingine, ukakataa. Vyote kumi. Ncha zilikuwa nyeusi tititi kwa piko, na piko yenyewe, Subhanallah, ilikuwa yangu! Nilimpaka mimi, tabaka mbili, kwa kuwa mamake alitaka ikolee. Kwenye mafunzo tulikuwa tumeambiwa la kufanya vidole vikikataa, lakini aibu ilinifuta kila kitu kichwani. Nikamwinamia nikamwambia, "Nenda kasugue na ndimu, urudi jioni." Upuuzi mtupu. Mimi ndiye ninayewaapia wateja kwamba piko yangu haitoki kwa ndimu wala kwa sabuni.

Naye alijua. "Dada, si wewe uliyenipaka? Ulisema haitoki mpaka wiki mbili." Akaushika ukingo wa meza. "Nikitoka hapa sirudi tena. Nusu saa yenyewe nimeiomba kwa magoti."

Wakala mmoja, mama mwenye sauti ya mnada, akasimama. "Karani anamjua! Hawa wana lao! Huyo atoke!" Foleni nayo ikaanza kupiga kelele.

Mwalimu akaja mezani bila kupaza sauti. "Ni kweli ulimpaka wewe?"

Ningeweza kukana. "Ni mimi, mwalimu."

"Na vidole vikikataa tunafanya nini?"

"Tunamtafuta kwa nambari ya kitambulisho, mawakala wakishuhudia."

"Basi mbona unamrudisha?"

Nami ndiye niliyekuja kuwaonyesha watu kazi! "Ondoka kwenye kiti," akasema. "Nenda kwenye meza ya wino, mwenzako wa wino akae hapa nitakapomaliza."

Akaketi mwenyewe, akabonyeza nambari, picha ikatoka. Ilibaki kuilinganisha na uso. Akamwita yule yule wakala mlalamishi aje atazame, na wanaume akawaomba wageukie ukutani. Wakageuka wote, hata askari wa mlangoni. Nikaiona migongo imepangana pale, ya chama hiki na ya chama kile. Bi harusi akafunua. Wakala akatazama mtambo, akatazama uso, akatazama mtambo tena.

"Ndiye," akasema. Kisha akalainika. "Na kapendeza, masha'Allah." Akatia sahihi kwenye fomu kabla hajaombwa.

Wallahi nilimpenda mwalimu yule saa ile. Mimi nilikuwa nimekaa na mtu wangu mwenyewe, wa mtaa wangu, nikamwangusha. Yeye hakumjua hata jina, akamsimamia.

Bi harusi akachukua karatasi zake sita, akaingia kwenye kibanda, akatoka, akazitumbukiza moja moja bila haraka, somo akihema mlangoni kwa wasiwasi. Kisha akaja kwangu. Kidole kidogo cha kushoto, panapotiwa wino wa kuonyesha mtu keshapiga kura, kilikuwa cheusi tayari.

"Mtie mahali panapoonekana," mwalimu akaniambia.

Pa kuonekana palikuwa mgongo wa mkono tu, katikati ya ua la hina lililonichukua saa nzima kulichora. Nikasita na brashi yangu. "Mwanangu, mkono utaharibika. Una siku tano za fungate mbele yako, watu watakuja kukutazama."

Akaunyoosha mkono mezani.

"Harusi walinipangia wakubwa, dada, mpaka rangi ya kanga. Hili nimelifanya mwenyewe. Tia wino."

Nikatia.