Pua ya Shangazi na Sponji za Mama

Shangazi yangu wa Karema hanywi maji kabla hajanusa kikombe. Anakiinua taratibu, anakisogeza puani kama anayetaka kukinong'oneza, ananusa, ndipo anakunywa. Kwa watu wengine hiyo ni tabia tu ya mtu mzima. Kwa mama yangu ilikuwa kesi.

Kesi yenyewe ilifunguliwa mwaka ambao mama aliolewa. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuja Mpanda kumwona bibi harusi. Akapewa maji, akanusa, akauliza mbele ya wageni: "Wifi, hiki kikombe kilikuwa cha samaki?" Wageni wakaangua kicheko. Nimekua nikiisikia hadithi hiyo kila tulipoosha vyombo, na kila iliposimuliwa upya wageni walizidi kuwa wengi. Shangazi naye kila alipokuja alinusa, akakunja uso, akanywa nusu. Ukitoa uzima wetu sisi watoto, mama alitaka kitu kimoja tu duniani: wifi yake anuse kikombe, akose la kusema.

Halafu mimi nikaenda chuo cha uuguzi. Likizo ya kwanza nilirudi nyumbani nikiwa sivumiliki. Muhula mmoja tu wa masomo, lakini nilikuwa nawaelekeza watu hata namna ya kukohoa. Siku ya pili nikasimama mbele ya kichanja cha vyombo na kuiona sponji yetu. Ilikuwa inaishi ndani ya kopo la maji ya sabuni, usiku na mchana, na rangi yake ilikuwa haina jina tena. Sponji hiyohiyo ilisugua sufuria ya samaki, ikafuta meza, ikamalizia na vikombe. Nikainusa. Nikaishika kwa vidole viwili, nikampelekea mama.

"Mama," nikamwambia, "kikombe hakijawahi kuwa na kosa. Kinachonuka ni hii."

Mama aliitazama ile sponji muda mrefu. "Kumbe adui yangu nilikuwa namkamua kwa mkono wangu mwenyewe," akasema.

Nikamfundisha, na nakiri nilifundisha kwa majivuno. Sponji ya vikombe isikutane na ya masufuria, na ya samaki iwe na kopo lake. Kila jioni ichemshwe kwenye sufuria isiyopikiwa chakula, ikamuliwe mpaka tone la mwisho, kukishapambazuka ianikwe juani, kwa sababu vijidudu vinapenda unyevu. Na hata ukiitunza vipi, kila wiki mbili uitupe, uchukue mpya. Mama aliyashika hayo yote kama dozi ya hospitali.

Niliporudi chuoni akawa ananipigia simu kunipa ripoti. Majirani walimuuliza kama ameanza biashara ya maandazi ya kuanika. Siku moja baba alifunua sufuria akidhani ni nyama, akachota na mchuzi. Mama alimwahi. Jambo moja tu lilinishangaza: sponji mpya kila wiki mbili, za aina tatu, kwa mwanamke ambaye mfuko wa nailoni anaufua na kuutumia tena. Nilipomuuliza anazitoa wapi, alijibu, "Zipo," akabadili mazungumzo.

Likizo ya mwisho wa mwaka shangazi naye akaja, kupima macho. Alishuka kwenye basi na furushi la migebuka mikavu, samaki wa kwao ziwani, harufu ikamtangulia mpaka sebuleni. Mama akamletea maji. Shangazi akainua kikombe. Akanusa. Akakizungusha, akanusa upande wa pili. Tukasubiri. Akanywa yote, akasema, "Maji mazuri, wifi."

Mama alitoka haraka. Nilimkuta jikoni ameshikilia fremu ya mlango, khanga mdomoni, anacheka bila sauti mpaka machozi yanamtoka.

Furaha ile ilidumu mpaka asubuhi. Shangazi, mwanamke mrefu kuliko baba, alitoka chumba cha wageni amejishika kiuno.

"Nyie, lile godoro mlinunua la mtoto? Kichwa kimelala Mpanda, miguu imerudi Karema."

Baba aliruka. Godoro lile alilinunua kwa ajili ya dada yake huyohuyo. Akaingia chumbani, akavuta shuka, na sote tukaona. Upande wa miguuni godoro lilikuwa limekatwa vipande vipande, wima kabisa, kama mkate. Pale lilipoishia palikuwa na blanketi kuukuu lililokunjwa kuziba pengo.

"Si wenyewe mnaliita godoro la sponji?" mama alijitetea. "Huyu mwanenu msomi kasema sponji ibadilishwe kila wiki mbili. Nimebadilisha."

Mimi msomi nilikuwa natafuta pa kujificha. Juu ya godoro lile waliwahi kulala jamaa zetu wa Sitalike na mtoto wao mchanga, aliyelikojolea mpaka kila asubuhi tukalazimika kulianika nje.

"Kwa hiyo jana," shangazi alisema polepole, "nimenywea kikombe kilichosuguliwa kwa hili godoro?"

"Nilichemsha," mama akajibu.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Mama akamgeukia shangazi. "Ni kwa sababu ya pua yako, wifi," akasema. "Miaka ishirini na mbili. Uliniuliza mbele ya watu kama kikombe changu kilikuwa cha samaki."

Shangazi alikaa juu ya kile kilichobaki cha godoro. "Mimi nilisema hivyo?" Hakukumbuka hata kidogo. Niliona mama ameumia kuliko siku zote. "Wifi, mimi nanusa kila kikombe. Kwangu ndio nanusa zaidi. Kule ziwani vyombo vyangu vyote vinanuka samaki, nasugua mpaka mikono inauma, nimeshindwa. Nikifika kwa mtu nanusa nione kama yeye kaweza."

Akapapasa ukingo uliokatwa. "Wewe umeweza. Nikatie na mimi vipande, niende navyo."

Mama akamtazama baba. "Kata tu," baba akasema kwa uchungu, "si limeshakuwa la mtoto."

Mama akakata viwili, cha vikombe na cha samaki. Akavichemsha, akavikamua, akavianika, akaviangalia juani siku nzima. Asubuhi ya safari alimkabidhi wifi yake pale stendi. Shangazi akavipokea na, kabla hajavitia kwenye pochi, akavisogeza puani.

"Havinuki kitu, wifi."

Safari hii mama alicheka kwa sauti, mbele yake.